Mpeni mwanagenzi picha 100 na muda wa kuzimaliza: barua ya wazi

Kwa wakurugenzi wa makumbusho na majumba ya sanaa ya Nyanza, Magharibi na Bonde la Ufa. Kwa mawaziri wa utamaduni wa kaunti. Na kwa wakuu wa idara za sanaa, sheria na maktaba vyuoni

Kisumu

Waheshimiwa,

Barua za kuomba atachimenti, yaani mafunzo ya wanafunzi kazini, huanza kufika mezani mwenu mapema mwaka, na ifikapo Mei wanafunzi wenyewe wako mlangoni, logibuku (daftari la kuandikia kazi zao) mkononi. Anayesema anapenda picha hupelekwa, mara nyingi, kwenye chumba chenye skana. Anaonyeshwa sanduku na kuambiwa aanze. Baada ya wiki 12 anaondoka akiwa ameskani picha zaidi ya 1,000, na hakuna hata moja ambayo makumbusho yanaweza kumkabidhi mchapishaji wa vitabu kesho asubuhi, kwa sababu hakuna ajuaye aliyeipiga ni nani, aliye ndani yake ni nani, wala wa kuombwa ruhusa ni nani.

Ombi letu ni moja. Uanagenzi wa leseni za picha, yaani ruhusa za kuzitumia na kuzichapisha, uanzie kwenye haki, usianzie kwenye skana; na mwanafunzi apewe picha 100, azimalize.

Picha iliyomalizika ni ile iliyounganishwa na nambari yake katika daftari la usajili. Haki zake zimechunguzwa na matokeo yakaandikwa pamoja na tarehe. Faili yake inatosha kuchapishwa. Maelezo yamo ndani ya faili yenyewe. Na ombi la leseni likija, ofisa anabaki na kazi ya kujaza jina la mwombaji na kutia saini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Picha hupotea hivyo hata ikiwa bado imo kabatini.

Kosa kubwa, linalorudiwa hata na wazoefu wa kazi hii, ni kudhani kwamba mwenye kitu ndiye mwenye haki. Chukueni sanamu ya jiwe la Tabaka. Elkana Ong'esa, mchongaji kutoka huko Gusii, ana sanamu kwenye makao makuu ya UNESCO jijini Paris, kwa hiyo sote tunajua mawe yale hufika mbali. Makumbusho yakinunua sanamu ya mchongaji aliye hai, yamenunua jiwe. Haki ya kuruhusu umbo lile lichapishwe kwenye kalenda inabaki kwa mchongaji mpaka aitoe. Kisha anakuja mpiga picha: mwanga aliouchagua, upande aliousimamia, kivuli alichokiacha, vyote vinazaa haki ya pili, ya picha. Faili ni moja, ruhusa ni mbili. Kwa mchoro bapa uliopigwa picha sawasawa ulivyo, hoja ya haki ya pili ni dhaifu zaidi. Mahakama ya New York iliamua mwaka 1999 kwamba nakala halisi ya mchoro ambao haki zake zimekwisha haizai hakimiliki mpya. Uamuzi huo haufungi mahakama za Kenya, lakini mchapishaji wa Marekani anaujua, na ofisa wenu anapaswa kuujua kabla ya kumtumia ankara.

Sheria ya Kenya inataka uhamisho wa hakimiliki, na leseni ya mtu mmoja peke yake, viwe kwa maandishi na visainiwe na mwenye haki. Hati za zamani za kupokea zawadi mara nyingi zinaeleza kitu kilivyotolewa bila neno lolote juu ya hakimiliki. Dawa yake ni aya moja kwenye fomu ya kupokea kazi mpya: msanii anabaki na haki zake, na anayapa makumbusho ruhusa isiyo ya peke yake (wengine nao anaweza kuwapa) ya kuipiga kazi picha, kuihifadhi, kuionyesha kwenye mtandao kwa ukubwa uliotajwa, na kupokea maombi ya leseni kwa niaba yake kwa mgao uliotajwa. Mwanagenzi anaweza kuiandika rasimu hiyo wiki ya kwanza. Itayaokolea makumbusho kazi ya miaka mingi.

Sasa hesabu ya miaka. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inalinda mchoro, sanamu na kazi za mikono za kisanaa kwa maisha ya msanii na miaka 50 inayoanza kuhesabiwa mwisho wa mwaka aliofariki. Haianzi siku ya msiba. Mchoraji Jak Katarikawe alifariki 2018, kwa hiyo ulinzi unaishia 31 Desemba 2068. Msanii Rosemary Karuga alifariki 2021: 31 Desemba 2071. Mchoraji Joy Adamson alifariki Januari 1980, na hesabu ya kawaida ingeishia 31 Desemba 2030. Lakini michoro yake mingi ya watu wa jamii za Kenya iliagizwa na serikali ya kikoloni, na kazi iliyoagizwa ina maswali yake. Sheria ya sasa inaichukulia haki ya kazi iliyoagizwa, au iliyofanywa na mwajiriwa akiwa kazini, kuwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Kwa hiyo kabla ya kuuliza msanii alifariki lini, mwanagenzi aulize kazi ilifanywa kwa agizo la nani. Jibu huwa kwenye barua, LPO (hati ya kuagiza kazi) au risiti iliyosahauliwa nyuma ya faili la mchoro.

Picha za kamera zina hesabu tofauti, na hapo ndipo wengi huteleza. Miaka 50 yake haifuati kifo cha mpiga picha. Inahesabiwa tangu mwisho wa mwaka picha ilipopigwa, au ilipofikishwa kwa umma mara ya kwanza, au ilipochapishwa mara ya kwanza, na inayoshika ni ile ya mwisho kati ya tarehe hizo. Picha iliyopigwa na kuchapishwa 2004 inalindwa mpaka 31 Desemba 2054. Nyingine ya siku hiyohiyo, iliyokaa sandukuni na kuonyeshwa mara ya kwanza 2019, inafika 31 Desemba 2069. Ndiyo maana daftari la picha linahitaji safu tatu za tarehe, na safu moja ya "mwaka" haitoshi. Picha za kabla ya sheria hii, hasa za wakati wa ukoloni, zina maswali ya kanuni zilizotangulia. Hizo mwanagenzi akusanye ushahidi tu. Uamuzi auandike mwanasheria.

Nje ya mipaka hesabu hubadilika tena. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya huhesabu miaka 70 baada ya kifo cha msanii. Swali "kitabu kitauzwa nchi zipi" lina uzito wa kisheria, hata kama kwenye fomu linaonekana la kibiashara tu.

Tunakaa kidogo kwenye jambo la warithi, kwa sababu hapa kwetu ndilo linalokwamisha leseni kuliko jingine lolote, na hakuna kitabu cha nje kitakachomfundisha mwanafunzi. Hakimiliki hurithiwa kama mali inayohamishika. Msanii akishafariki, ruhusa haitoki kwa yeyote anayepatikana bomani kwa marehemu, wala kwa mwana mkubwa, wala kwa mjane anayeishi karibu na barabara. Barua ya chifu inawatambulisha warithi mahakamani, ila haimpi mtu mamlaka ya kutia saini leseni. Mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi aliyetajwa kwenye hati ya mahakama, na wakiwa wawili au watatu, wote watie saini. Mwanagenzi aanze kwa chifu au naibu wake wa eneo alikozikwa msanii, apate majina, kisha aulize kama kesi ya mirathi ilifunguliwa na katika mahakama gani. Orodha ya bomani ikiwaacha mabinti walioolewa, aandike hivyo kwenye faili, kwa kuwa Sheria ya Urithi haiwatengi. Matangazo ya vifo magazetini husaidia sana: hutoa mwaka, majina ya wajane, ndugu na watoto, na mahali pa mazishi. Hati ya mahakama ikikosekana, jibu kwa mwombaji wa kibiashara ni hapana, kwa sasa. Jibu hilo ni gumu kulitoa wakati mjane anahitaji fedha na mchapishaji yuko tayari kulipa. Lakini malipo yakishapokewa na mmoja wa warithi kumi, tisa waliobaki watakuja makumbushoni, na watakuwa na haki.

Kila picha iishie katika moja ya hali tano: haki zimekwisha, haki ni za makumbusho, haki ni za mtu mwingine anayejulikana, mwenye haki ametafutwa na hajapatikana, bado haijachunguzwa. Hali ya nne na ya tano ndizo huchanganywa, na mchanganyiko huo ni hatari. "Hajapatikana" ni matokeo ya kazi: tarehe za simu zilizopigwa, ofisi zilizotembelewa, sajili ya Bodi ya Hakimiliki ya Kenya iliyopekuliwa, magazeti yaliyosomwa. "Haijachunguzwa" ni ukweli wa kawaida usio na aibu. Mwanafunzi anayeogopa kuacha picha 30 katika hali ya tano ataziandika za nne ili logibuku lipendeze, na miaka mitatu baadaye mtu atatoa leseni akiegemea utafutaji ambao haukufanyika. Mwambieni mapema kwamba hali ya tano inakubalika.

Nyuma ya hakimiliki kuna haki za watu walio ndani ya picha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihusu picha ya mtu anayetambulika, na kwa mtoto idhini hutoka kwa mzazi au mlezi. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na matendo ya kitamaduni inataka jamii iombwe idhini mapema, ikiwa na taarifa kamili, na inazipa kaunti wajibu katika usajili. Waheshimiwa mawaziri wa kaunti, hapa mnahusika moja kwa moja: mwanagenzi akiuliza nani wa kuzungumza naye juu ya picha ya tambiko, ofisi yenu ndiyo inayopaswa kuwa na jibu. Mfano ni tohara ya Babukusu, inayofanyika Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Picha za watahiriwa huweza kuwa salama kabisa kwa hesabu ya miaka, lakini waliomo ni wavulana, mara nyingi bila nguo, na baadhi yao leo ni wazee wenye majina kijijini. Tunashauri picha za aina hiyo zisitolewe leseni ya matangazo hata kidogo, na uamuzi huo uandikwe na mkurugenzi, usiachiwe mtoto wa miaka 21 aliye kwenye simu na wakala wa matangazo.

Picha zikirudi kwa wenyewe, maarifa nayo hurudi. Mwanaanthropolojia Mwingereza E. E. Evans-Pritchard alipiga picha katika nchi ya Waluo mwaka 1936, na picha hizo zimehifadhiwa Pitt Rivers Museum, Oxford. Mwaka 2007 nakala zililetwa Nyanza kwa maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, yaani kuyatafakari ya kale. Kazi ya aina hiyo ndiyo hujaza safu tupu ya "jina la aliyepigwa picha". Mradi mwingine, International Inventories Programme, umeorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo katika makumbusho ya nje. Kwa hiyo maombi ya leseni hayatakuwa ya upande mmoja. Makumbusho yetu nayo yataomba picha kutoka Ulaya na Marekani, na mwanagenzi ajifunze kujaza fomu za wengine kama anavyojifunza kuandika yetu. Anayejua kuomba vizuri hutunga fomu nzuri.

Fomu yetu iwe ya ukurasa mmoja, na iulize yafuatayo bila kuzunguka: nambari ya usajili ya kitu; jina la chapisho na mchapishaji; picha itakaa jalada, ukurasa mzima, nusu au robo; nakala ngapi; lugha zipi; nchi zipi; karatasi, mtandao au vyote; kwa muda gani; itakatwa au kuandikwa maneno juu yake; na kama itatumika kufunzia programu za akili unde. Swali hilo la mwisho halimo kwenye fomu za zamani, na bila kulitaja mwombaji anaweza kudai hakukatazwa. Leseni inayotoka iwe isiyo ya peke yake, ya matumizi yaliyotajwa tu, isiyohamishika kwa mwingine, na ibebe maneno kamili ya kumtambua msanii, kitu, makumbusho na mpiga picha. Mwombaji akisema "kwa matumizi yote, milele", mwanagenzi amrudishie fomu kwa upole akimwuliza kitabu kinatoka lini. Karibu kila mara jibu huonyesha kwamba alihitaji toleo moja la nakala 2,000.

Ukubwa wa faili ni hesabu ya darasa la nane, na bado ndio unaoharibu kazi nyingi. Vitabu huchapishwa kwa pikseli 300 kwa inchi. Ukurasa mzima wa A4 unahitaji pikseli 2,480 kwa 3,508. Ukiongeza milimita 3 za kukatia kila upande, 2,551 kwa 3,579. Picha ya karatasi ya sentimita 10 kwa 15 ikiskaniwa kwa pikseli 600 kwa inchi inatoa 2,362 kwa 3,543. Hiyo inafikia urefu wa A4 lakini inapunguka kidogo upana, na haifai jalada lenye ukingo wa kukatia. Slaidi ya milimita 35 ikiskaniwa kwa 4,000 inatoa takriban 5,669 kwa 3,780, na faili la TIFF la biti 16 linakaribia megabaiti 129. Picha 100 za namna hiyo ni karibu gigabaiti 13. Nakala tatu, moja ikiwa nje ya jengo, hazifiki 40. Diski mbili za kawaida zinatosha. Tunaitaja hesabu hii kwa sababu tumezoea kusikia kwamba mradi wa picha unangoja seva. Picha 100 hazingojei seva.

Juu ya upigaji wenyewe tutasema machache, maana wapiga picha wazuri tunao. Mchoro usimame wima, kamera ielekee katikati yake, taa mbili zinazofanana zikae nyuzi 45 kutoka kila upande, dirisha lifunikwe, kadi ya rangi iwe ndani ya fremu. Dirisha likiachwa wazi, upande mmoja wa mchoro huwa wa samawati na mwingine wa manjano, na hakuna programu itakayourekebisha kwa uaminifu. Jiwe la Tabaka linataka mwanga wa pembeni ili nyayo za patasi zionekane. Flashi ya mbele hulifanya lionekane kama sabuni ya kuogea. Simu haifai kwa faili kuu, kwa kuwa huongeza makali na rangi bila kuombwa.

Baada ya hapo yanaingizwa maelezo ndani ya faili, kwa mpangilio wa IPTC, unaotumika kimataifa kwa maelezo ya picha: aliyetengeneza, maneno ya kumtambua, tangazo la hakimiliki, masharti ya matumizi, na anwani ya ukurasa wa mtandaoni unaoeleza leseni na jinsi ya kuiomba. Programu ya ExifTool ni ya bure na inaweza kujaza faili 100 kwa mara moja kutoka kwenye jedwali. Tangu mwaka 2020 utafutaji wa picha wa Google huonyesha alama ya leseni kwa picha zenye anwani hiyo, kwa hiyo dakika chache za kazi zinamleta mwombaji kwenu badala ya kumwacha achukue kimya. Jina la faili lianze na nambari ya usajili, lisiwe na nafasi wala jina la mtu. Na faili lisitumwe kwa WhatsApp kama picha: hupunguzwa na maelezo hufutwa. Anayelazimika kuitumia atume kama hati.

Fedha. Tunajua mnaulizwa mradi utaingiza kiasi gani, na tungependa mjibu kwa uwazi: kidogo. Utafiti wa mwaka 2004 juu ya majumba ya sanaa ya Marekani ulikuta kwamba hata yale yenye ofisi kamili za leseni hayakuwa yakipata faida ya maana baada ya kutoa gharama. Metropolitan Museum ya New York ilifungua picha za kazi zisizo na hakimiliki kwa matumizi yote Februari 2017, na Smithsonian ikafuata 2020. Sisi hatushauri kuiga moja kwa moja. Kwao wanaofunguliwa picha ni umma wao. Kwetu sehemu kubwa ya picha ni za watu na matambiko yaliyopigwa bila kuombwa ruhusa. Lakini mwanafunzi wa shule, mwalimu na mtafiti wa chuo wapewe faili dogo bure, na sheria yenyewe ina nafasi ya matumizi ya haki kwa utafiti, matumizi binafsi na uhakiki. Mchapishaji wa hapa alipe kiasi kinachobebeka, na tangazo la biashara lilipe ipasavyo, sehemu ya msanii ikitengwa siku ileile. Bei zibandikwe ukutani na mtandaoni. Kwa taasisi za serikali malipo yapite eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, na mwanagenzi asiombwe kamwe kupokea fedha kwa simu yake, hata "kwa muda tu".

Sasa mwanafunzi mwenyewe. Si mwajiriwa waziwazi, wala si fundi mliyemwagiza kazi, kwa hiyo picha anazozipiga zinakaa mahali penye shaka kisheria mpaka pawe na maandishi. Siku ya kwanza asaini makubaliano mafupi: haki za picha alizopiga kwa vifaa na muda wa makumbusho zinahamia kwa makumbusho, jina lake linatajwa kila picha inapochapishwa, anaruhusiwa kuonyesha picha 10 ndogo katika kazi zake za kuombea ajira, nambari za simu za wasanii na warithi hazitoki ofisini. Achunguze, aandike rasimu, aandae faili, ila asitie saini leseni. Saini ni ya ofisa mmoja anayejulikana, mwenye saa mbili kila wiki za kukaa naye. Bila saa hizo mbili ni afadhali msimchukue, kwa kuwa atarudi kwenye skana peke yake.

Chukueni wawili: mmoja wa sanaa au usanifu, mwingine wa maktaba, nyaraka au sheria. Mmoja huona kwamba mchoro umepigwa picha ukiwa umegeuzwa kulia kushoto. Mwingine huona kwamba hati ya zawadi haina tarehe. Nauli na chakula cha mchana viwemo kwenye bajeti, la sivyo nafasi itachukuliwa na wanaoishi karibu au wenye wazazi wenye uwezo, na kijana wa Bondo au wa Kitale ataikosa kwa sababu ya nauli ya matatu. Vyuo nanyi, mhadhiri anayekuja kukagua afungue faili tatu za haki na kuzisoma. Kuhesabu kurasa za logibuku hakutoshi.

Wiki mbili za mwanzo ziwe za daftari la usajili na sheria, bila kugusa kamera. Nne zinazofuata ni za kutafuta haki, zikiwa na siku za kutoka kwenda kwa machifu na kwenye maboma. Upigaji na skani havihitaji zaidi ya wiki tatu kwa picha 100. Mbili ni za maelezo na nakala za akiba, zikikaguliwa kwa kufungua kila faili, kwa sababu nakala isiyofunguliwa haijulikani kama ni nakala. Wiki ya 12 ni ya jaribio: ofisa ambaye hakuhusika apewe ombi la mfano, tuseme jalada la kitabu cha nakala 2,000 kuuzwa Afrika Mashariki, na achague picha, asome hali ya haki zake, aandae leseni na kutuma faili ndani ya saa moja bila kumwuliza mwanagenzi chochote. Akikwama, pale alipokwama ndipo siku zilizobaki zitumike.

Tunaomba kila makumbusho yatakayokubali yachague picha zake 100 kabla ya Desemba, yamtaje ofisa atakayetia saini, na yaviandikie vyuo kwamba nafasi mbili zipo kwa Mei. Rasimu za fomu ya leseni, ya makubaliano ya mwanagenzi na ya aya ya kupokea kazi mpya tunazo, na tutazileta kwa yeyote kati yenu atakayeziomba, bila malipo.

Wenu kwa heshima,

Watunzaji wa picha, wapiga picha wa makumbusho na wasimamizi wa wanagenzi, Kisumu na Nakuru